Ilikuja, si Alikuja

Kosa lenyewe lilikuwa la herufi moja. Nalitaja mapema ili usije ukadhani nasimulia habari za mizimu. Mimi si mtu wa mizimu. Mimi ni mtu wa ngeli. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi hapa Eldoret kwa miaka thelathini na zaidi, na siku niliyostaafu niligundua kwamba siwezi kukaa nyumbani Munyaka nikiwatazama kuku wa jirani wakichakura bustani yangu. Nikakodi kona ya saiba moja mjini, duka la intaneti na fotokopi, meza na viti viwili karibu na dirisha, nikabandika karatasi ukutani: BARUA ZINASAHIHISHWA HAPA.

Watu wakaja wengi kuliko nilivyotarajia. Walileta barua za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, za kuomba radhi, na wasifu wa marehemu utakaosomwa kaburini. Nilikuwa mkali, sikatai. Mwenye duka mmoja, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, aliandika kwamba alichelewa mkutano kwa sababu "nilikuwa nimeenda kura", nikamwuliza ni uchaguzi gani huo uliokuwa na ugali. Karani mmoja wa kutoka Magharibi aliandika kwamba "papa yangu amelazwa", nikamwambia papa huogelea baharini na hospitali zetu hazina tangi la kumtosha. Alicheka, lakini si sana. Baadaye nilisikia kwamba baba yake alikuwa mahututi kweli.

Nilijiona nina haki ya kucheka kwa sababu mimi mwenyewe nilichekwa. Baba yangu alikuja huku kutoka Magharibi kupalilia mahindi ya watu, na nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa "yangu" na "yake", kiwe kijiko, kiwe mtoto. Darasa la tatu nilisimama nikasema "mtoto ya dada yangu" mbele ya darasa zima, mwalimu akanichapa vidole kwa rula huku wenzangu wakiangua kicheko. Tangu siku ile ngeli zikawa dini yangu.

Kila aliyeketi mbele yangu nilimpa somo pamoja na barua yake. Sentensi moja, jambo moja. Soma ulichoandika kwa sauti, na pale ulimi utakapokwama, rudi hapo. Hilo neno "mwenye" liache lifanye kazi yake. Si "mtu mwenye alikuja", ni "mtu aliyekuja". Na kubwa kuliko yote, kila kitendo kina mtenda. Ukiandika kwamba kitu kimevunjika, watu watakuuliza nani amevunja. Hilo la mwisho nililisema kwa fahari sana, nikigonga meza kwa kalamu yangu nyekundu.

Mzee mmoja alikuja Ijumaa moja asubuhi, maji ya mvua yakiwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la kazi lililofuliwa mpaka rangi ikakimbia, na barua yake ameitia ndani ya mfuko mtupu wa unga ili isilowe. Alikuwa mlinzi, soja kama tunavyosema huku, wa stoo moja ya mahindi upande wa Moi's Bridge. Alikuwa amelinda geti lile miaka kumi na tisa, na yeye na mkewe waliishi katika chumba kimoja nyuma ya stoo, chumba cha kazi.

Jumanne ya wiki ile alikuwa amekutwa barabarani, mbali na stoo, kofia imempotea, na nyuma yake geti liko wazi. Hakuna gunia lililopotea. Lakini mlinzi aliyeacha geti wazi mchana kweupe ana maswali ya kujibu, kwa hiyo mabosi walimsimamisha kazi, wakaifunga stoo kwa kufuli, wakamtaka alete barua ya kujieleza katika ofisi yao hapa mjini kabla ya saa sita siku hiyo ya Ijumaa.

"Madam," aliniambia, "hii barua ikienda vibaya, mimi na mama watoto tunatoka kwa hiyo nyumba. Na hatuna ingine."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, amefika kwa fundi. Hayo ndiyo maneno yangu, amefika kwa fundi. Nikafunua karatasi. Ninayo mpaka leo, kwa hiyo nainakili kama ilivyokuwa.

"Mimi soja wa stoo naandika hii barua kueleza venye ilikuwa siku ya Jumanne. Asubuhi meneja alikuja, akaangalia, akaenda. Saa sita mama wa chai alikuja, akanipea chai, akaenda. Saa nane lori ilikuja, dereva alisaini kitabu, akaenda. Saa tisa ilikuja. Ilisimama kwa geti. Mvua ilikuwa inanyesha lakini haikulowa. Iliniita jina yangu ya utoto mara tatu. Niliifungulia. Ilipita karibu na mimi ikaingia kwa stoo. Nilingoja itoke. Haikutoka. Niliogopa nikaenda kwa barabara. Naomba msamaha ya kuacha geti. Mpaka leo haijatoka."

Leo ukiisoma hivyo, imetulia kwenye ukurasa, pengine unaona haraka kile ambacho sikukiona. Mimi nilianza kukata kabla sijafika mstari wa pili. Niliona "venye" nikakata. Niliona "akanipea" nikakata. Niliona "jina yangu" na vidole vyangu vikauma kama vimepigwa rula upya. Nyuma ya Mzee kulikuwa na foleni ya watu watatu, mmoja anakohoa kwa makusudi. Haraka haraka haina baraka, methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, nami siku hiyo sikuikumbuka.

"Mzee, hapa pana shida," nikasema. "'Saa tisa ilikuja.' Ni nini kilikuja? Saa?"

"Hapana, Madam. Si saa. Ilikuja."

"Nani alikuja?"

Alitazama mlango wa saiba, kisha akanitazama mimi.

"Sentensi yako haina mtenda, Mzee. Kitendo hakijitendi chenyewe. Lazima pawe na mtu."

"Hapo mimi sikukosea, Madam."

"Nimefundisha lugha hii miaka thelathini," nikamwambia, na sauti yangu ilipanda hadi anayekohoa akanyamaza. Nikachora mstari mwekundu juu ya "ilikuja" nikaandika: mtu mmoja alikuja. "Ilisimama" ikawa alisimama. "Niliifungulia" ikawa nilimfungulia. Nilipofika kwa mvua ambayo "haikulowa" nilicheka peke yangu. Nikamwambia mvua hailowi, mvua ndiyo hulowesha watu. Hakuna aliyecheka. Basi nikanyoosha sentensi: mvua ilikuwa ikinyesha lakini mtu huyo hakulowa, kwa kuwa alikuwa na mwavuli.

Huo mwavuli niliutoa wapi? Niliutoa kichwani mwangu. Mtu anayesimama kwenye mvua bila kulowa lazima awe na mwavuli, na barua nzuri haiachi msomaji akijiuliza.

Nikaipiga chapa mwenyewe, safi, aya tatu. Mzee aliisoma polepole akifuata kwa kidole.

"Sasa iko na mtu," alisema.

Nilidhani ananisifu. Akatia sahihi, akaikunja ndani ya mfuko wake wa unga, akaniaga kwa heshima, nami nikaita anayefuata. Karatasi yake ya kwanza nikaitupa kwenye katoni ninamoweka rasimu za watu.

Alirudi Jumanne iliyofuata, asubuhi tena. Hakuketi mpaka nilipomwambia aketi.

"Wameniuliza rangi ya mwavuli," alisema.

Kisha akanieleza, bila kunilaumu hata kwa jicho. Meneja alikuwa ameisoma barua mbele yake na kuisifu kwamba imenyooka. Halafu akaanza kuuliza. Huyu mtu ni nani? Ikiwa anajua jina lako la utoto, basi ni mtu wa kwenu, mlikua pamoja. Ikiwa ulimfungulia geti bila kumwandika kitabuni, basi unamficha. Ikiwa aliingia na hakutoka, na sisi tumepekua stoo nzima hatukuona mtu, basi barua yako ina uongo ndani yake. Huyo mtu wako alikuja kupima stoo ili yeye na wenzake warudi na gari kuiba. Taja jina lake, na utaje kabla ya Alhamisi, au utoke kwenye kile chumba.

"Nikawaambia hakuna mtu," Mzee alisema. "Wakaniambia, si ni wewe umeandika? Nikaona ni kweli. Imeandikwa mtu. Na sahihi ni yangu."

Niliomba anisamehe, kwa haraka, kama mtu anavyoomba radhi akikukanyaga sokoni. Ndani yangu bado nilikuwa najitetea. Nilijiambia kwamba kila mtu wa huku bara huharibu ngeli, kwamba kwa wengi wetu "i" hubeba kila kitu, mtoto imelia, mwalimu imekuja, na kwamba fundi yeyote angefanya nilivyofanya. Nikaitafuta rasimu katika katoni ili nimwonyeshe. Nilitaka aone jinsi ilivyokuwa imejaa makosa.

Nikaikuta, na kwa mara ya kwanza nikaisoma mpaka mwisho bila kalamu mkononi.

Meneja alikuja. Mama wa chai alikuja. Dereva alisaini. Kila binadamu katika barua ile alikuwa na "a" yake, bila kosa hata moja. Mzee alikosea jina, akakosea msamaha, akaandika "lori ilikuja" na hapo hata watu wa mjini hukosea. Lakini mtu hakumkosea. Alijua vizuri sana "a" ni ya nani. Na ilipofika saa tisa aliiacha hiyo "a" kwa makusudi, akaandika "i", mara ya kwanza, na ya pili, na mpaka mwisho wa karatasi.

Niliiweka karatasi chini. Nilikuwa nawafundisha watoto wimbo kwamba kila chenye uhai hupewa "a". Fisi anacheka, nyoka anatambaa, siafu anauma. Hata shetani hupewa "a". Tunasema shetani amemwingia. Hata jini. Nilizipitia ngeli zote kichwani nikitafuta ni kitu gani kinaweza kuja getini, kikasimama, kikaita, nacho kisiwe na "a", na kisiwe hata "kitu", maana kitu kingekuwa "kilikuja". Sikupata.

"Mzee," nikamwuliza, "ilikuwa nini?"

"Ningejua jina lake, Madam, ningeandika hilo jina."

Akanisimulia, sauti chini, huku mashine ya fotokopi ikinguruma kando yetu. Ilikuwa mvua ya kawaida ya mchana. Lori lilikuwa limeondoka. Alikuwa ameketi kwenye kibanda chake ndipo akaona kuna mahali getini ambapo mvua haianguki.

"Si ati nimeona mtu," alisema. "Nimeona mahali. Mvua inashuka huku, inashuka huku, hapo katikati haishuki. Urefu wa mtu. Halafu ikaniita."

Ilimwita kwa jina ambalo mamake pekee ndiye aliyekuwa akilitumia, na mamake alizikwa zamani. Mimi ni mtoto wa Magharibi, najua tulivyofunzwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mara ya kwanza, wala ya pili. Anayekuhitaji kweli ataita tena. Mzee alingoja. Iliita mara tatu, sauti ile ile, haiongezeki wala haipungui. Basi akafungua.

"Ilipita hapa," alisema, akigusa mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko. "Hapa pakakauka. Shati yote imelowa, hapa pakavu kabisa. Ikaingia. Mimi nikasimama nikingoja itoke. Nikiona inaingia na haitoki, miguu ikaamua yenyewe."

"Na nyinyi bado mnalala pale?"

"Tunalala. Lakini saa tisa hatukai. Mama watoto anafunga mlango, tunaenda kuketi kwa barabara mpaka ipite."

Sikujua niamini nini, na mpaka leo sijui. Nilichojua ni kwamba Mzee huyu aliniletea barua ya kweli nami nikamrudishia barua ya uongo iliyoandikwa vizuri. Nilimtengenezea mtu, nikampa mwavuli, na sasa mtu huyo anamfukuza kwenye nyumba yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tuliiandika upya siku hiyo hiyo. Nilirekebisha "jina yangu" na "msamaha ya", kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba, na sehemu ya saa tisa niliiacha kama alivyoileta, neno kwa neno. Nikaongeza chini, kwa jina langu na sahihi yangu, kwamba mtu na mwavuli katika barua ya kwanza niliwatia mimi. Jumatano tulikwenda ofisini pamoja.

Meneja alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mwenye adabu. Alisoma mara mbili.

"Mwalimu," alisema, "ile ya kwanza ilikuwa barua. Hii ni nini? Sasa nikiulizwa na wakubwa niseme 'ilikuja'? Nini ilikuja?"

"Ndivyo alivyoandika tangu mwanzo," nikasema. "Kosa ni langu."

"Kwa heshima, mama, naona unajaribu kumwokoa." Akaigeuza barua kifudifudi. "Tumengoja jina. Hakuna jina. Mzee, Jumamosi utoe vitu vyako. Kesho naleta mtu mwingine."

Nilibisha. Nilisema mengi, hata nikagonga meza yake kama meza yangu, na hakuna lililosaidia. Mzee ndiye aliyenishika mkono. Akamgeukia meneja, akazungumza kwa upole.

"Kazi imeenda, nimekubali. Naomba tu hiyo barua iwekwe kwa faili. Isiandikwe nilifungulia mtu. Mimi sijawahi kufungulia mtu bila kuandika."

Meneja akakubali, nadhani kwa kutuonea huruma, akamwita katibu wake achukue barua. Msichana yule aliingia, akaniona, uso ukang'aa. Nilikuwa nimemfundisha darasa la saba. Alisalimu kwa furaha, akaketi kwenye meza yake karibu na mlango, akaipiga barua muhuri, akaipitia kwa macho. Kisha nikamwona akichukua kalamu. Mkono wake ulikwenda haraka, wala hakuhitaji kufikiri. Akakata herufi, akaandika nyingine juu yake, akakata tena mstari wa chini, na tena.

"Mwalimu, kulikuwa na vikosa kidogo," alinong'ona, akitabasamu. "Nimekurekebishia. Si ni wewe ulitufunza?"

Faili ikafungwa, ikaingia kabatini, katibu akageuza ufunguo. Nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia asante, kwa sababu sauti nyingine haikutoka.

Jumamosi nilikwenda na Mzee Moi's Bridge kumsaidia kutoa vitu. Hakuniomba, nilijialika. Mkewe alikuwa ametangulia Kimumu, kwa dada yake, ambako wangejibana kwa muda. Tulifika saa nane. Sikuwahi kuiona stoo ile, na ilikuwa stoo kama zote, kuta ndefu za mabati, mlango mkubwa wa chuma, na uwanja wenye matope ya magari. Mahindi yalikuwa yamemwagika njia yote kutoka getini hadi mlangoni, mazuri, ya njano na meupe. Ilinichukua muda kutambua kinachonisumbua. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na njiwa wala kunguru, na kuku wa majirani walikuwa wamejipanga nje ya uzio, wakiyatazama mahindi kupitia waya, na hakuna hata mmoja aliyeingia.

Vitu vya Mzee havikuwa vingi. Kitanda, jiko, masanduku mawili, picha ya harusi. Tulivitoa mpaka getini, na hapo kwenye kibanda tukamkuta mlinzi mpya. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo kutoka familia ya watu wa Kati, mchangamfu wa mdomo lakini macho yake hayakutulia. Alikuwa ameanza Alhamisi. Hakumjua Mzee, na Mzee hakujitambulisha. Nilipomwambia mimi ni mwalimu alivuta kitabu cha matukio kutoka chini ya kiti chake.

"Madam, Mungu amekureta," alisema. "Angaria kama nimeandika vizuri. Wanasema watasoma Jumatatu, na mimi hii kazi naitaka. Shure niliacha mapema."

Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu. Imekaa mfukoni mwangu miaka yote hiyo, na mkono wangu uliifuata wenyewe. Niliikamata, nikaitoa, kisha nikairudisha, nikakishika kitabu kwa mikono yote miwili na kuanza kusoma tangu mstari wa juu kabisa.

Makosa yalijaa kila mahali. Rori iriingia. Dereva arisaini. Meneja arikuja akauriza funguo. Fundi wa stima arikuja akaenda. L na R zilikuwa zimehamiana kama majirani waliogombana, lakini kila binadamu alikuwa na "a" yake. Nilihesabu. Hakuruka hata mmoja.

Alhamisi, mwisho wa ukurasa: "Saa tisa imebisha mrango ya stoo. Imebisha kutoka ndani. Sijafungua."

Ijumaa: "Saa tisa imebisha. Imeniita. Sijafungua."

Nilisoma mistari ile, nikairudia. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, nami nilisikia pumzi yake ikikoma naye akisoma juu ya bega langu. Nilipogeuka, macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na sikuweza kujua kama ni ya hofu au ni ya mtu ambaye hatimaye ameaminiwa. Nadhani yalikuwa ya yote mawili. Alikuwa na sanduku lake mkononi, sanduku la miaka kumi na tisa, na nyumba hakuwa nayo tena.

"Nimekosea wapi?" mama yule aliuliza. Alinyoosha kidole kwenye neno lile lile. "Binti yangu ananiambia hapa ni 'amebisha'. Ati razima kuwe na mtu. Nibadirishe?"

"Usibadilishe," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Hapo hujakosea. Na akija mtu yeyote kukusahihishia, hata akiwa mwalimu, umkatalie. Usiongeze mtu."

Alinitazama sana. Kisha akakichukua kitabu chake, akakifunga, akakikumbatia kifuani. Manyunyu yalikuwa yameanza kuanguka kwenye mabati ya stoo, laini, bila upepo. Mzee aliweka sanduku lake begani na kunigusa kiwiko.

"Twende, Madam," alisema. "Saa tisa inakuja."

Sikumwuliza mtenda ni nani. Nilichukua jiko lake, yule mama akachukua kiti chake na kitabu, na sote watatu tukatoka kwenda kuketi barabarani.